Bakuli la Matufaha ya Plastiki

Nianze na kosa langu, maana nikilificha majirani watalitoa wenyewe, tena kwa kuongeza chumvi. Siku dhahabu ya Mama Rehmat ilipoibwa, aliyepiga simu polisi ni mimi. Na aliyemnyooshea kidole yule binti ni mimi pia. Nilimwambia askari wa kwanza kuingia, kwa sauti ya mtu anayeisaidia serikali, "Huyo hapo. Nimemwona akishuka ngazi na begi zito."

Begi lilifunguliwa. Hakukuwa na hata hereni moja. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshaandikwa, na neno likishaandikwa polisi halifutiki kwa kusema samahani.

Naitwa Polycarp. Nakaa Malvern, huku Kanada, ukuta mmoja na Mama Rehmat. Yeye ni mzaliwa wa Mwanza, mjane, mtu wa kunipitishia sambusa kwenye uzio hata wakati wa baridi kali. Mwaka huo, 2014, alikuwa anauza nyumba ahamie kwa mwanawe. Kazi alimpa Naushad.

Naushad mnamjua hata kama hamumjui. Yule dalali ambaye sura yake iko kwenye viti vya vituo vya basi, anatabasamu, na mvua inamnyeshea. Familia za Kiismailia zilizotoka Tanzania na Kenya zote zilinunua na kuuza kupitia kwake. Alijua nani anaoza binti, nani anagombana na mkwe, nani atahitaji chumba cha ziada kabla mwenyewe hajajua.

Jumapili hiyo ya Machi ilikuwa siku ya kuonyesha nyumba. Mlango unaachwa wazi mchana kutwa, mwenye nyumba anaondoka, watu wanaingia kuangalia. Wengine ni wanunuzi. Wengine ni kama mimi, waliokuja kuona jirani alikuwa anaficha nini miaka yote hii.

Naushad alinipokea kwa kunikumbatia. Taa zote zinawaka mchana kweupe. Nyumba inanukia mdalasini. Jikoni, juu ya kaunta, bakuli kubwa la matufaha mekundu. Nikanyoosha mkono.

Naushad akanidaka kifundo. "Ya plastiki hayo, mzee. Utavunja meno ukamtajirishe daktari."

Tukacheka. Nikaenda kukagua bafu.

Baadaye, watu wamepungua, nikamwona Jolie akishuka ngazi na begi limemwelemea bega. Jolie alikuwa msaidizi wa Naushad, binti wa Bukavu, mwembamba, mwenye adabu ya kukupisha hata mahali ambapo pana nafasi. Tukasalimiana. Ndipo Mama Rehmat akarudi, akapanda chumbani kwake, na sote tukasikia kopo likianguka sakafuni na Mama akilia kwamba dhahabu yake haipo.

Naushad alikuwa wa kwanza kusema. "Tulieni, tulieni. Tutatafuta wenyewe. Mambo ya ndani haya."

Lakini simu yangu ilikuwa imeshapokelewa upande wa pili.

*

Inspekta Gaspard aliingia akitembea na hakuacha kutembea. Ni mzaliwa wa Bujumbura, mtu mfupi, anatafuna peremende za tangawizi moja baada ya nyingine na anachezea funguo mfukoni. Ukimwambia kaa, anaegemea. Ukimwambia egemea, anasogea dirishani. Alizunguka nyumba nzima kabla hajamuuliza mtu swali. Kisha akaanza na Mama Rehmat.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti, lile la bluu. Juu kuna nyuzi na sindano. Chini ya nyuzi kuna kitambaa. Ndani ya kitambaa kuna bangili na mkufu wangu wa harusi."

"Nani alijua?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa, Mama?"

Mama akafuta macho. "Naushad. Aliniambia nifiche vitu vya thamani kabla wageni hawajaja. Nikamwonyesha, akasema hapo ni pazuri. Mwizi akiona kopo kama hilo kwenye nyumba za watu wetu anajua ndani ni nyuzi tu."

"Msaidizi wake alikuwepo?"

"Alisimama mlangoni."

Basi waliojua walikuwa wawili. Gaspard akamgeukia Naushad, ambaye alijibu kama mtu anayeuza nyumba, bila kukwama. Alikuwa chini muda wote akipokea wageni. Juu alipanda asubuhi tu, kuwasha taa, maana nyumba yenye giza haiuziki. Jolie ndiye aliyekuwa juu.

"Peke yake?"

"Peke yake." Naushad akashusha pumzi. "Inspekta, mimi ni kama baba yake hapa mjini. Ningeomba tuyamalize kifamilia. Mama apate vitu vyake, binti aonywe, yaishe."

"Mbona una uhakika Mama atapata vitu vyake?"

"Si namwomba Mungu tu, bwana."

Askari mmoja akampa maelezo yake ayasome na kutia sahihi. Naushad akajipapasa mfuko wa koti, wa shati, wa suruali. Miwani ameisahau. Akamwita Jolie aje amsomee. Askari akamwangalia kama amesikia vibaya. Mtuhumiwa amsomee shahidi? Akamsomea yeye mwenyewe.

Jolie alihojiwa mwisho, amesimama karibu na jiko, begi liko mezani limetapika. Vitabu. Sheria ya ardhi, mikataba, rehani, vyote vimejaa mistari ya kalamu ya njano. Na chupa ya chai.

"Ulikuwa unafanya nini juu?"

"Nasoma."

"Nyumba ya watu?"

"Mi sina leseni bado, Inspekta. Mtu asiye na leseni hapokei wageni, hasemi bei, hajibu swali. Naushad alinituma nipande juu nisome, watu wasinione."

"Chumba gani?"

Alijua jibu lingemfanya nini. Alilitoa tu. "Chumba cha Mama."

"Ulichukua dhahabu?"

"Mi siko mwizi."

Kisha, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye akauliza. Aliuliza kama atashtakiwa, na lini. Gaspard akasema hilo haliko mikononi mwake peke yake. Jolie akakaa chini bila kuambiwa.

Ilibidi nielezwe baadaye kwa nini jibu lile lilimkalisha. Mimi nilidhani udalali ni kuwa na suti na gari safi. Kumbe leseni ile ni kozi juu ya kozi, na kila kozi ina mtihani wake, na ukifeli unarudia kwa gharama yako. Jolie alikuwa anawahudumia wazee kwenye makao yao kule Weston, anawaogesha, anawalisha, kisha anavuka mji mzima kwa basi akiwa na kitabu mapajani. Mtihani wa mwisho kabla ya kuomba leseni ulikuwa Jumanne asubuhi. Na fomu ya kuomba leseni ina swali moja fupi: je, una kesi yoyote? Haiulizi kama umehukumiwa. Inauliza kama unayo.

Mkuu wa Gaspard hakuona ugumu wowote. Binti alikuwa peke yake chumbani, alijua kopo, na kuna shahidi mzuri tu, jirani, aliyemwona na begi. Pengine alimpasia mgeni mmoja dhahabu akaondoka nayo. Ashtakiwe Jumatatu jioni, waendelee na mengine.

Shahidi mzuri hakulala vizuri.

*

Jumatatu asubuhi Gaspard aligonga kwangu. Nyumba ya Mama Rehmat ilikuwa imefungwa na polisi, mwenyewe kaenda kwa mwanawe. Nilimkaribisha chai, akainywa akitembea, akaniuliza tena juu ya begi. Nikamwambia ukweli, kwamba begi zito si kosa, mimi mwenyewe nilibeba mabegi mazito nilipokuwa chuoni na matokeo mnayaona.

Hakucheka. Alisema, "Mzee, kuna jambo linanikera. Yule dalali amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi. Mteja wake ameibiwa, nyumba imefungwa, wanunuzi wamekimbia. Unajua anauliza nini?"

"Nyumba itafunguliwa lini."

"Anataka bakuli lake. La matunda. Anasema analihitaji kwa nyumba nyingine."

Nikaanza kumsimulia jinsi nilivyotaka kula tufaha la plastiki, nikitegemea safari hii atacheka. Nikamwonyesha jinsi Naushad alivyonidaka mkono. Nilipokishika kifundo changu mwenyewe, hadithi ikanifia mdomoni.

"Nini?" Gaspard akauliza.

"Mwaka jana alionyesha nyumba ya upande ule mwingine. Mke wangu aliuma ndizi ya plastiki kabisa, alama za meno zikabaki. Naushad alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi. Akaomba ampige picha na ile ndizi." Nikameza mate. "Mimi Jumapili alinibana. Mpaka jioni kifundo kilikuwa kinauma."

Gaspard alikuwa ameshafika mlangoni.

Alimwita mtaalamu wa alama za vidole, dada mmoja aitwaye Rukhsana, mwenye glavu na subira. Mimi nilibaki kibarazani, lakini mlango ulikuwa wazi na macho yangu hayajambo. Rukhsana alitoa tufaha moja moja kwa kibano. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa. Ndani ya kitambaa, bangili na mkufu.

Nikapiga makofi peke yangu pale nje. "Basi ni Naushad. Mwachieni binti."

"Hujasaidia, mzee," Gaspard akasema, akizungushazungusha funguo. "Matufaha yatakuwa na vidole vya Naushad na vya Jolie pia. Yeye ndiye anayelibeba bakuli nyumba hadi nyumba. Dhahabu imefutwa, kopo limefutwa. Mkuu wangu atasema binti aliificha humo apate kutoka nayo jioni. Nimemwongezea ushahidi."

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako si ushahidi, ni mkono. Halafu niambie, dalali aliye kwenye viti vya basi amwibie mteja wake bangili kwa nini? Na akishaiba aiache jikoni?"

Alimpigia Naushad simu mbele yangu, akamwambia kwa upole kwamba bakuli atalipata kesho.

*

Haya yanayofuata nilisimuliwa na Gaspard mwenyewe.

Ofisi ya Naushad ilikuwa Thorncliffe Park, juu ya duka la mithai, ngazi zinanukia samli. Mkuu wa ofisi, Azmina, mama wa nywele fupi na maneno mafupi, alimpokea kwa mshangao. Wizi? Wizi gani?

Gaspard akaacha kutafuna. "Hakukuambia?"

Hakuambiwa. Na jambo hilo lilimkasirisha kuliko wizi wenyewe. Alieleza kwamba dalali anayefanya kazi chini yake, likitokea jambo kama hilo kwa mteja, anamwambia siku hiyo hiyo, kabla hata hajavua viatu. Kila baada ya miaka miwili madalali wote wanarudi kusoma ili leseni isife. Leseni ni kama mtoto, alisema, kumzaa hakutoshi, lazima umlishe. Na kozi ya mwaka huu ilikuwa na sehemu nzima juu ya wizi siku ya kuonyesha nyumba.

"Naushad ameisoma?"

"Mwezi uliopita. Alama za juu kabisa ofisini. Tulimletea keki."

Gaspard akauliza kozi hiyo inafanyikia wapi. Azmina akamwambia. Gaspard akashukuru, akashuka zile ngazi mbili mbili, na mchana akawa Weston.

Jolie alikuwa anatoka zamu. Treni ya uwanja wa ndege ilikuwa inajengwa wakati huo, vumbi na kelele, kwa hiyo wakashuka kando ya mto Humber ambako barafu ilikuwa inakatika vipande. Gaspard hakumzungusha.

"Nani alimsomea Naushad ile kozi?"

Jolie akaangalia barafu.

"Ulishawahi kumkatalia jambo?"

"Nikisema, nami napotea. Hawampi leseni mtu aliyemsaidia mwingine kudanganya."

"Basi usiseme. Jibu dogo tu. Siku nyingine za kuonyesha nyumba, unakaaga juu?"

"Hapana. Nakaa mlangoni, napokea watu." Akajua amejisemea kosa lingine, akainua mabega. "Nilimwambiaga sheria inakataa. Anasema sheria haina macho. Jumapili ndiyo mara ya kwanza kuiheshimu. Mi nikafurahi."

Walisimama kidogo. Gaspard aliniambia hajui kusimama, lakini pale alisimama.

"Aliniuliza Jumamosi," Jolie akasema taratibu. "Kama nikipata leseni nitaendelea kumsaidia. Nikamwambia hapana, tonton, nikishaipata na mimi niko chini ya sheria. Nilimwambia kwa adabu, kama mjomba."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nisisahau mdalasini ya kesho."

*

Jumatatu hiyo kabla ya jua kuzama niliitwa kituoni kurekebisha maelezo yangu. Niliandika kwamba nilimwona binti akishuka na begi, na kwamba zaidi ya hapo sijui kitu, na kwamba nina mdomo mrefu. Askari alisema hilo la mwisho si lazima. Nikaambiwa nisubiri kwenye benchi. Chumba cha mahojiano kilikuwa mbele yangu, na mfumo wao wa kupasha joto ulikuwa umewashinda, joto limezidi, mlango wameuacha wazi nusu.

Naushad alikuwa amekaa kama yuko kwenye harusi, mguu juu ya mguu. Gaspard alitembea.

"Bwana Naushad, umehuisha leseni mwezi uliopita."

"Ndiyo."

"Nasikia umefaulu vizuri. Hongera."

"Asante sana."

"Mimi mitihani inanitoa jasho. Mwalimu wenu alikuwa nani?"

"Mzungu mmoja, mtu mzima. Mpole sana."

"Darasa lilikuwa wapi?"

"Kule kule kwa siku zote, North York."

"Na kahawa mnapewa?"

Naushad akacheka. "Kahawa chungu kama muarobaini."

Gaspard akaacha kutembea. Akavuta kiti. Tangu nimfahamu hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona anakaa.

"Kozi ya mwaka huu haina mwalimu," akasema. "Haina darasa. Haina kahawa. Ni kompyuta, kila mtu nyumbani kwake."

Mguu ukashuka chini.

"Nilichanganya miaka."

"Ni mwezi uliopita, bwana."

"Nina wateja wengi. Na wewe, Inspekta, usifikiri watu hawaoni. Binti wa Kongo, polisi wa Burundi. Mtalindana."

"Ndiyo maana nimekuwa mkali kwake kuliko kwako," Gaspard akasema bila kupandisha sauti. "Nimemfuata mpaka kazini. Wewe nimekuletea kiti." Akainama, akatoa chini ya meza lile bakuli, akaliweka katikati. Akatoa matufaha, moja, jingine, jingine, yanabingirika mezani. Kisha kitambaa. Kisha mkufu wa Mama Rehmat, ambao kwenye ile taa nyeupe ulionekana mdogo, kitu cha msichana.

"Ulimbana jirani mkono kwa ajili ya tufaha la plastiki. Umenipigia simu kutwa kwa ajili ya bakuli. Jolie ulimpandisha juu siku hiyo moja tu. Na ofisini hukutoa taarifa, kitu ambacho kila aliyeisoma kozi hiyo anakijua. Nani alikufanyia kozi, Bwana Naushad?"

Naushad akautazama mkufu.

"Na kwa nini hukuifanya mwenyewe?"

Naushad alishika tufaha moja, akaligeuza, akalirudisha kwenye bakuli kwa uangalifu, kama anapanga kaunta. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini, na Kiswahili chake kilirudi Tabora moja kwa moja.

Alisema baba yake alikuwa na duka Tabora. Baba akafa, yeye mtoto wa kwanza, akatolewa shule akasimama kaunta. Wadogo zake wakaendelea kusoma. Bei ya kila kitu dukani aliijua kichwani, madeni ya mji mzima kichwani, lakini jina la duka lililoandikwa juu ya mlango hakuweza kulisoma. Alipofika Kanada hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye suti haulizwi kama anajua kusoma.

"Na leseni?"

"Mdogo wangu, Shaukat. Tunafanana. Zamani hawakuangalia sana sura, wanaangalia kadi. Alifanya mitihani yote kwa jina langu. Sasa ni marehemu."

"Na kozi za kila miaka miwili?"

"Hizo nilikwenda mwenyewe." Hapo akainua kichwa, na nilimwona Naushad wa viti vya basi, kidogo tu. "Wallahi nilikwenda. Mwalimu anaongea, mimi nasikiliza, najibu, nauliza. Darasani nilikuwa mtu kama watu. Nilijua kuliko wao. Kisha wakaleta kompyuta. Wakasema tunawarahisishia."

Akarudisha tufaha jingine kwenye bakuli.

"Jolie alikuwa ananisomea kila kitu. Mikataba, barua, ujumbe wa simu. Nilimwambia macho mabovu. Sidhani aliamini, lakini hakuniaibisha hata siku moja. Akanifanyia kozi. Jumamosi akasema basi."

"Ukaamua kumfunga."

"Si kumfunga." Akapiga meza kwa kiganja, polepole. "Ilikuwa iishie jikoni. Ningetafuta, ningeikuta jioni ile ile. Mama ningemwambia ilianguka nyuma ya kabati. Jolie ningemwambia pembeni, najua ni wewe, nimekusitiri, mtihani uache kwanza. Angebaki. Polisi sikuwataka mimi. Polisi aliwaita Polycarp."

Kwenye benchi nilitamani sakafu inimeze. Mdomo wangu uliompaka binti tope ndio huo huo uliovuruga mpango wa kumfunga kimya kimya. Sijui mpaka leo nijivunie au nijichape.

"Angebaki kufanya nini?" Gaspard akauliza.

Naushad akalisukuma bakuli pembeni.

Askari mmoja akaenda kuchapa maelezo. Gaspard akatoka, akanywa maji, akapiga simu kwa mkuu wake. Nilisikia upande wake tu: hapana, hakuna mashtaka kwa binti, ndiyo, ana uhakika, ndiyo, dhahabu yote ipo.

Jolie akaja wakati huo, na sare ya kazini bado. Alikuwa ameitwa achukue begi lake kabla ya mtihani wa kesho. Gaspard akamkabidhi mwenyewe, akamwambia kwa kifupi nani na kwa nini. Akamwambia pia kwamba ile habari ya kozi sasa iko kwenye maelezo ya Naushad, na baraza la madalali litaisoma.

"Nitaliandika mwenyewe kwenye fomu," Jolie akasema. "Kabla hawajaniuliza."

"Wanaweza kukukatalia."

"Najua. Mtihani nitafanya."

Nikasimama kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno, mengine ya kuchekesha. Akaniambia, "Hakuna shida, papa Polycarp," kwa adabu ile ile ya kukupisha, na kila kitu nilichopanga kikanitoka.

Maelezo yakaletwa, kurasa kadhaa, zina joto la mashine. Askari akaziweka mbele ya Naushad pamoja na kalamu. Akamwambia asome yote taratibu, akiona ni sahihi aweke sahihi chini ya kila ukurasa.

Mkono wa Naushad ukaenda mfuko wa koti. Ukaenda mfuko wa shati. Ukasimama hapo, juu ya kifua. Akaushusha. Akaivuta ile karatasi ya kwanza, akaiangalia kama unavyoangalia maji yaliyo mbali, kisha akainua macho, akampita askari, akampita Gaspard, mpaka mlangoni, ambako binti alikuwa anajitwisha begi begani.

"Jolie," akasema. "Nisomee hii. Hii tu."

Gaspard alikuwa amesimama tena, funguo zimetulia mfukoni. Askari aliangalia kalamu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno maishani, niliangalia viatu vyangu, na mashine ya joto ikaendelea kunguruma ukutani.